Chumvi ya Gaudensia Haikuua Ng'ombe

Kwa miaka mingi, kila Jumapili padri akisema tupeane amani, Raymundi alikuwa ananyoosha mkono. Anaupitisha juu ya benchi, mkono umekauka kama kijiti cha tumbaku, na anatabasamu kana kwamba mimi ni mtoto aliyenuna. "Amani, shemeji." Nami kila Jumapili nilikuwa naukumbatia mfuko wangu kwa mikono miwili, naangalia msalaba. Watu walishazoea. Wageni ndio walioshtuka. Padri mmoja aliwahi kuniita pembeni akaniambia, "Mama Yustina, kinyongo ni mzigo." Nikamwambia, "Baba, nimebeba tumbaku, nimebeba kuni, nimebeba mimba. Mzigo naujua. Huu sijachoka nao."

Kwa hiyo habari hii naisema mwenyewe, na asiyeitaka aende akapige soga kwingine. Ni habari ya dada yangu Gaudensia, niliyetoka naye tumbo moja, ambaye Raymundi alimwita mchawi mbele ya kijiji kizima hali anajua si kweli. Anajua! Ningesamehe mjinga. Mjinga hujui umshike wapi. Lakini huyu alijua.

Sisi kwetu ni Lusu, kule Nzega. Nilisoma darasa mbili nikatolewa nikalee wadogo zangu. Gaudensia hakusoma hata hizo mbili, maana yeye alikuwa wa chumvi. Alifundishwa na bibi yetu, na bibi alifundishwa na mama yake, tangu wakati ule watu wanapita kule kwa miguu na mizigo mabegani kwenda pwani, wananunua chumvi njiani kwa majembe.

Kazi yenyewe niwaambie, maana siku hizi mnadhani chumvi inazaliwa dukani ndani ya pakiti. Kiangazi mbuga ikikauka, udongo unatoa weupe juu, kama unga uliomwagika. Unaukwangua kwa kigae. Unautia kwenye chungu kilichotobolewa chini na kutandikwa nyasi, unaumwagia maji. Udongo unabaki, maji yanadondoka chini yamebeba chumvi usiyoiona kwa macho. Maji hayo unayachemsha siku nzima, moshi unakuingia machoni mpaka unalia bila msiba. Wengine wanayachemsha mpaka yakauke kabisa, wanapata vumbi la kijivu. Gaudensia hakutaka vumbi. Maji yakibaki kidogo, anayaepua, anayamimina kwenye vigae vipana, anayaacha kivulini yakauke yenyewe polepole. Chumvi inajikusanya chembe kwa chembe, na kila chembe ina pembe zake, kama kijumba kidogo kisicho na mlango. Ukiigonga kwa jiwe haibondeki kama udongo, inakatika kwa unyoofu, na kipande kinachobaki nacho kina pembe vilevile.

Mnunuzi akitia shaka, Gaudensia anachukua chembe, anaitupa kwenye kaa la moto. Pa! Pa! Inapasuka, inaruka, lakini haiyeyuki wala haitoi moshi. "Umeona?" anamwambia. "Moto unaipigisha kelele tu, hauiwezi."

Aliolewa huku, kijiji chetu hiki cha njia ya kwenda Ulyankulu, na Adriano, kaka yake Raymundi. Mimi nikamfuata baadaye, nikaolewa nyumba ya tatu. Adriano alikuwa mtu wa taratibu, mcheshi, na kila kiangazi alimpakia mkewe kwenye baiskeli mpaka kwenye basi aende Lusu kuchemsha chumvi. Hawakujaliwa mtoto. Adriano akafa kwa homa, Gaudensia akabaki mjane, hana mtoto, macho mekundu kwa moshi. Ukimweleza hivyo mtu wa huku kwetu, huna haja ya kuendelea. Mjane, hana mtoto, macho mekundu. Yaani kinachosubiriwa ni ng'ombe tu wafe.

Wakafa wa Raymundi.

Raymundi alikuwa mkulima mkubwa wa tumbaku, na alikuwa kwenye kamati ya chama cha msingi, wale wanaogawa mbolea ya mkopo. Mkewe Bertila alikuwa shoga wa Gaudensia. Walikuwa wanakaa pamoja wanachambua mboga na kuwasengenya waume zao, na mmoja akipika ugali mwingine analeta mlenda. Bertila alikuwa anawapa ng'ombe chumvi kila baada ya muda, anaitawanya kwenye kihori, ng'ombe wanalamba mpaka mti unang'aa. Na chumvi ilikuwa ya Gaudensia. Viroba vya Gaudensia vilijulikana, maana kikitoboka alikitia kiraka cha khanga, akakishona kwa katani.

Ilikuwa mwaka ule mvua ilipochelewa miche ikakauka kitaluni. Mchana nilisikia yowe kwa Raymundi, nikatupa jembe, nikaenda. Ng'ombe walikuwa chini. Wengine wanatetemeka, wengine povu mdomoni, ulimi umekuwa kama umepakwa majivu. Wanavuta pumzi kama waliokimbizwa kutoka Tabora. Mwanaume mmoja akamchinja ng'ombe mmoja ili angalau nyama ipone. Damu ikatoka. Mungu wangu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya rangi ya matope, kama chai iliyolala. Watu wote wakarudi nyuma. Nikasikia mtu ananong'ona, "Damu imeozea ndani ya mnyama hai."

Bertila alikuwa amekaa chini kwenye mlango wa ghala, mdomo umevimba, una damu. Nikajua kapigwa kwa ajili ya ng'ombe. Sikuuliza. Mwanamke akipigwa huku kwetu nani anauliza?

Raymundi alikuwa anazunguka na jembe kama kichaa. "Fukieni hicho kilichobaki kihorini! Kichomeni kihori! Kiroba nacho, choma!" Na kiroba chenyewe nilikiona, kina kiraka cha khanga ya dada yangu, khanga niliyomnunulia mimi. Akakitupa motoni kwa mkono wake. Nikajiuliza, huyu mtu ng'ombe wake wanakufa, mbona anashughulika na kihori kuliko ng'ombe? Kwenye pembe ya kihori palikuwa pamebaki kidogo. Nikaokota chupa ya dawa ya kikohozi pale jalalani, nikakichota, nikafunga kifuniko, nikakiweka kifuani. Hakuna aliyeniona. Watu walikuwa wanaangalia damu.

Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitana siku iliyofuata, kwenye godauni la tumbaku. Kamanda alikuwa Ngollo, mtu wa haki lakini mwoga wa vitu asivyovielewa. Raymundi akasimama.

"Mimi nimenunua chumvi kwa shemeji yangu huyu, mke wa marehemu kaka yangu. Ng'ombe wamelamba, wamekufa, damu imeoza. Mimi sisemi kitu. Semeni nyie."

Yaani hivyo ndivyo anavyosema, mshenzi yule. Hasemi kitu.

Gaudensia akasimama. Alikuwa mrefu, mwembamba, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Raymundi, chumvi ya mwisho nilimuuzia mkeo kabla sijaenda Lusu, na iliisha, mwenyewe aliniambia. Hicho kiroba kilikuwa kitupu. Nani alikijaza?"

"Unaniuliza mimi? Kiraka si chako?"

"Kiraka changu. Kilichomo si changu. Leteni kilichobaki na leteni moto. Nitatupa chembe motoni mbele yenu. Ikiwa chumvi yangu itapasuka na kubaki. Ikiwa kitu kingine mtaona wenyewe."

Godauni zima likaguna. Raymundi akacheka. "Mmesikia? Anataka moto sasa. Anataka atupe vitu motoni anene maneno yake!"

Nikainuka na chupa yangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Gaudensia akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, na nikaelewa. Kama ningetoa kile kitu kifuani wangesema mimi ndiye ninayemtunzia dawa. Tungekuwa wawili. Nikakaa.

Wakamtenga. Ngollo akapuliza filimbi nje ya godauni mara moja, ndefu, na tangu hapo ikawa marufuku. Asiyejua kutengwa afikiri ni jambo dogo. Hupigwi, hufungwi. Ila hakuna mtu wa kukupa kaa la moto, hakuna wa kukuuzia kiberiti, hakuna wa kuchota maji kisimani ukiwa umesimama. Ukifiwa unazika mwenyewe. Na hakuna salamu. Atakayemsalimia naye anatengwa. Watoto waliokuwa wanamkimbilia "shikamoo bibi, shikamoo bibi" ili wapate karanga, wakawa wanapita wamegeuza shingo.

Mimi nilikuwa namwachia chakula kwenye ua kwa kificho, na namsalimia kwa macho. Unajua alichokuwa anafanya? Alikuwa anapita njiani, kichwa juu, ndoo kichwani, na kila anapompita mtu mdogo kwake anasema kwa sauti, "Marahaba." Mtu hajamwamkia. "Marahaba, Deus. Marahaba, mama Octavian." Anaitikia salamu ambazo hakupewa. Watu wakasema huo ndio uchawi wenyewe. Bertila naye alikutana naye kisimani, akaacha ndoo yake ikielea akakimbia. Gaudensia akamwitia mgongoni, "Marahaba, shoga yangu." Nilikuwepo. Nilimsikia sauti ilivyovunjika pale kwenye "shoga".

Kisha Jumapili moja tukiwa kanisani, nyumba yake ikaungua. Mchana kweupe, hakuna upepo, paa la nyasi la nyumba moja tu. Alirudi akakuta majivu na mafiga. Hakulia. Alichukua chungu chake cha kuchujia, ambacho hakikuwa kimepasuka, akaniambia, "Yustina, mimi narudi kwenye mbuga. Kule chumvi inanijua." Akaenda Lusu, akalala jikoni kwa mtoto wa mjomba wetu. Alichemsha chumvi mpaka macho yakafa kabisa. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa anaipapasa kwenye kigae kwa vidole, anatafuta pembe zake, kutambua kama imeiva. Akaniambia nikifa usiache wakaniita hivyo. Sio nizikwe wapi, sio nini. Usiache wakaniita hivyo. Nikamwahidi. Akafa masika, na tukamzika Lusu, mbali na Adriano wake, ardhi imejaa maji mpaka kaburi lilikuwa linajaa tunalichota.

Basi hicho ndicho nilichokaa nacho. Chupa ya dawa ya kikohozi juu ya kenchi, na ahadi. Kilichokuwa ndani kiligandamana, kikawa kigumu. Wakati wa mvua kilikuwa kinatoa jasho kwenye kioo. Pembeni niliweka kopo la chumvi ya Gaudensia, ya mwisho aliyonipa. Sikujua vitanisaidia nini. Nilijua tu Raymundi alitaka kimoja kisionekane.

Mwaka huu, mvua za kwanza, Shilinde akafiwa na ng'ombe. Shilinde ni Msukuma, amehamia na mifugo yake kutoka Igunga, nyumba yake iko ng'ambo ya mto. Mke wake alikuwa ameosha viroba vitupu vya mbolea kwenye pipa lililokatwa, akaenda kuvianika, na maji akayaacha. Ng'ombe wakanywa. Wakaanguka vilevile. Povu vilevile. Mimi nilifika pale na fimbo yangu, na nikaona watu wameanza kutazamana, kisha wameanza kunitazama mimi. Mjane. Mume wangu alishakufa, na macho yangu nayo siku hizi si meupe. Nikasema moyoni, haya, zamu yangu.

Lakini Shilinde alikuwa ameshapiga simu Isikizya, kwenye ofisi ya mifugo. Akaja msichana kwa pikipiki, bibi mifugo, anaitwa Julieth, buti mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Akafunua ulimi wa ng'ombe, akachoma sindano shingoni, akavuta damu. Kahawia. Matope. Chai iliyolala.

"Mbolea," akasema yule msichana, kama mtu anayesema "mvua". "Wamekunywa mbolea. Imeharibu damu, haibebi hewa." Alikuwa na chupa moja tu ya dawa, rangi yake bluu kama wino. Akamdunga mmoja aliyekuwa bado anajaribu kusimama. Tukakaa. Ng'ombe yule akanyanyuka, akatikisa masikio. Wengine walikufa.

Nikamshika mkono. "Mjukuu wangu, njoo kwangu unywe maji."

"Shikamoo bibi, samahani hata sikuamkia. Nina haraka."

"Marahaba. Haraka yako iweke pale. Mimi nimesubiri zaidi yako."

Nikamtolea chupa na kopo, nikamweleza yote. Hakunikatiza. Akazimwaga chembe kwenye kiganja, huku za kopo, huku za chupa alizozikwangua kwa kisu. "Tazama, bibi. Za dada yako zina pembe. Hizi za chupa zilikuwa za mviringo, zimeshikana tu kwa unyevu, lakini bado unaona migongo yake." Akatia kipande cha chupa kwenye kikombe cha maji, akakoroga, akanipa nishike. Kikombe kilikuwa cha baridi, kama kimetoka mtungini. "Chumvi ya kula haifanyi maji kuwa baridi hivi. Hii ni mbolea ya kukuzia, ile ile wanayopewa wakulima wa tumbaku."

Nikamwuliza kitu ambacho nilitaka kumwuliza Gaudensia maisha yangu yote. Kwa nini moto hauiwezi chumvi, na maji tu yanaiweza?

Akacheka kidogo, akakaa kwenye kigoda. "Chumvi ni vitu viwili, bibi. Kimoja ni madini laini, ukiyatupa majini yanawaka. Cha pili ni hewa ya kijani, ukiivuta inakuua."

"Na tunakula?"

"Tunakula. Yale madini yana kichembe kimoja cha ziada yanachotaka kukitoa. Ile hewa imepungukiwa kimoja. Mmoja anatoa, mwingine anachukua. Baada ya hapo aliyetoa amebaki na chaji ya chanya, aliyechukua ana chaji ya hasi, wanavutana. Na hakuna anayevutana na mmoja tu. Kila mmoja amezungukwa na wa upande wa pili kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini. Wamejipanga kama matofali, ndiyo maana ina pembe, na ukiigonga inakatika kwa mstari. Kuwaachanisha wote kwa pamoja kunataka moto kuliko huu wa kuni mara nyingi. Lakini maji yanapenya katikati, yanamzingira kila mmoja peke yake, yanamchukua."

"Kumbe maji ni sungusungu," nikasema.

Hakucheka, nami nikauliza, "Na mbolea?"

"Nayo ni aina ya chumvi, nayo kuna aliyetoa na aliyechukua. Ila kila mmoja ndani yake ni kifurushi cha vitu vingi. Moto ukiipata, vifurushi vinafumuka. Haibaki, ila chokaa iliyochanganywa humo."

"Yaani motoni utaona tofauti."

"Mtoto mdogo ataona."

Nikainama. Nilikuwa namwona dada yangu amesimama godaunini anasema leteni moto.

Nikaenda kwa Ngollo. Amezeeka, ana fimbo mbili, lakini bado ni kamanda. Nikamwambia, "Utaitisha baraza palepale godaunini, au nitakaa mlangoni kwako mpaka unizike." Akaitisha.

Walikuja wote, maana walidhani kuna mtu wa kutengwa. Raymundi alikaa kwenye kiti mbele. Nikaweka jiko la mkaa katikati. Julieth akasimama karibu nalo, akaeleza damu ya ng'ombe wa Shilinde, akaeleza mbolea. Wazee wakaikumbuka rangi ile. Kisha akanipa mimi nitupe.

Nilitupa chembe ya Gaudensia. Pa! Ikaruka, ikatua kwenye majivu, nyeupe, nzima. Mtu akaiokota kwa koleo, akaionja ilipopoa. "Chumvi," akasema.

Nikatupa cha chupa. Kikalainika papo hapo, kikachemka juu ya kaa, kikatoa moshi mweupe unaochoma pua, na kaa chini yake likawaka kwa ukali likapiga mluzi. Walioko mbele wakakohoa. Pale kikabaki kijiwe kama chokaa, basi.

"Hicho ndicho kilichokuwa kwenye kihori cha Raymundi," nikasema. "Nilikichota mwenyewe akiwa anakimbilia kukifukia."

Raymundi hakuinuka. Mtu mwerevu yule. Akakunja mguu, akasema, "Sawa, ni mbolea. Basi yeye ndiye aliyeitia kirobani akaniuzia. Kiroba kilikuwa chake. Si nyote mlikiona kiraka? Mimi nitajuaje alichotia?"

Watu wakaanza kuguna tena, na kuna vichwa vilivyoanza kukubali. Kumbe hata moto hautoshi. Hata ukweli ukirukaruka mbele ya macho yao wataunyima kiti wampe yeye.

Ndipo Bertila akasimama nyuma, kule wanawake wanakokaa kwenye virago.

"Baba Renatus," akamwita mumewe.

"Kaa chini, mama."

"Nina swali moja tu. Siku ile nilifungua kiroba nikawapa ng'ombe. Ukarudi kutoka chamani ukakuta kiroba kiko wazi. Ukanipiga, hapa, mdomoni, jino likatoka. Kisha ukakimbia zizini." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikufuata. Ng'ombe walikuwa wamesimama, wanacheua. Hakuna aliyekuwa ameanguka. Kwa nini ulinipiga kabla hawajaanguka?"

Raymundi akaushusha mguu aliokuwa ameukunja.

"Miaka yote hii," Bertila akasema, "nimejua kwamba mkono wangu uliwaua kwa sababu shoga yangu aliuroga. Nimeogopa mkono wangu mwenyewe. Nimeukimbia uso wake kisimani. Na wewe ulikuwa unajua kilichomo. Ulikijaza wewe. Ulikuwa unawauzia watu wa mahindi mbolea ya chama kwenye viroba vya chumvi, na mimi nilifikiri viroba vile vinavyotoka ghalani ni chumvi kweli."

"Mwanamke huyu amechanganyikiwa," Raymundi akasema, lakini alikuwa anamtazama Ngollo, na Ngollo alikuwa anatazama chini. Mzee mmoja wa mahindi akatoa sauti, akasema ni kweli, alinunua mbolea kwake, ikaja kwenye viroba vya chumvi. Akafuata mwingine. Mtu aliyenyamaza miaka yote, sasa anazungumza kama vile ndio kwanza ameulizwa. Na kweli, ndio kwanza ameulizwa.

Raymundi akasema, taratibu, "Wangenifunga. Chama kingenifunga. Ingekuwaje watoto?"

Hivyo tu. Wala hakusema jina la dada yangu.

Ngollo akaniuliza nataka nini. "Ng'ombe? Atatoa ng'ombe. Atengwe? Tutamtenga."

"Ng'ombe wamekufa wa kutosha," nikasema. "Kumtenga hiyo ni kazi yenu. Mimi nataka mlichomnyima. Mlimnyima salamu. Mpeni."

"Amekufa, mama Yustina. Na kaburi liko Lusu."

"Nyumba yake mliichoma hapahapa. Twende."

Tukaenda. Kiwanja chake kimejaa majani, na Raymundi alikuwa amepanda maboga upande mmoja. Mafiga yake bado yapo, matatu, meusi. Nikasimama pembeni. Ngollo akapuliza filimbi, ndefu, ile ya kumwondolea mtu kutengwa, pumzi ikamwishia katikati akaanza upya. Kisha wakapita mmoja mmoja, wale waliokuwa watoto na sasa wana mvi, wanasimama mbele ya mafiga. "Shikamoo, bibi Gaudensia." "Shikamoo, mama." Wengine wanalia, wengine wanaona aibu wanasema haraka kama wanaowahi treni. Bertila alipiga magoti.

Raymundi akaja mwisho. Alisimama akijikuna shingo. "Shikamoo, shemeji Gaudensia," akasema. Kisha akanigeukia, mkono wake ule umenyooka. "Yustina. Niitikie basi, kwa niaba yake. Tuishie hapa."

Watu wote wakanitazama. Nadhani walitaka nimwitikie. Ingekuwa rahisi kwao kwenda nyumbani.

"Marahaba ni ya mwenyewe," nikamwambia, "na mwenyewe alikuitikia kila siku wakati hujamwamkia. Sasa umeamkia. Subiri."

Nikachukua fimbo yangu na kopo langu la chumvi nikashika njia. Nyuma nilimsikia anarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Shikamoo, shemeji." Kisha akasubiri.